Saruji Isubiri

Kambini, tarehe 9 Juni.
Leo ni miaka minne na miezi saba tangu nilipotoka nyumbani na lile begi lililokatika zipu.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Zipokee salamu hizi kwa mikono miwili, maana zimetoka mbali na zimechoka kama mwenye kuzituma. Baba hajambo? Kikohozi kimempa nafasi ya kulala? Shemeji je, na watoto, na huyo wa mwisho uliyeniandikia kwamba kila ukigeuka unamkuta anakula udongo? Mwambie asijali, hata mjomba wake anakula udongo, tena yeye analipwa. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Mgongo tu ndio unaonikumbusha kila asubuhi kwamba sikuzaliwa jana.

Barua yako niliipata zamani, na nimeikunja na kuikunjua mpaka imetoboka kwenye mikunjo. Umesema baba ameamua kaburi la mama lijengewe mwaka huu, na kwamba shemeji ameshashusha mchanga na kokoto, ataanza mwezi wa saba, akishachoma nyasi za lile shamba la nyuma apate njia ya toroli. Umesema baba amepima kwa hatua zake mwenyewe nafasi yake pembeni ya mama, upande wa kulia, ili siku yake ikifika msihangaike. Na umesema mnangoja kwangu kitu kimoja tu, maneno ya kuandikwa kwenye jiwe, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mtunzaji wa lile kaburi.

Najua umeshasema moyoni kwamba ugenini kumenipa kiburi, ndiyo maana sijibu. Si kiburi, dada. Nitakueleza, ila uniruhusu nianzie mbali, maana mimi shule niliiachia njiani na jambo nisilolishika kwa mkono silielewi. Hili nimelielewa kwa kupitia kazi.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna uwanja wa gofu, ule mchezo wa kupiga kipira kwa fimbo mpaka kiingie kwenye kishimo chenye bendera. Bendera ziko kumi na nane, na kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa kutosha kusimulia ugomvi mzima wa ndoa, pamoja na wa mashemeji. Uwanja huu ulichorwa kabla baba hajazaliwa, na mtu ambaye wachezaji wakimtaja hushusha sauti kidogo. Sisi vibarua tunamwita Marehemu. Ukikaa kupumzika utasikia mtu anakwambia inuka, Marehemu anakuona.

Baada yake kila kiongozi wa klabu aliongeza la kwake. Mmoja alipanda miti palipokuwa peupe. Mwingine alifukia mashimo ya mchanga, yale ya kumtega mchezaji, kwa sababu mpira wake ulizoea kulala humo kila Jumamosi. Na wakata nyasi nao, kwa uchovu tu, kila mwaka walikata kona, upana wa kiatu, mpaka vile viwanja vya nyasi fupi vinavyozunguka bendera, ambavyo sisi tunaviita mikeka, vikabaki nusu ya vilivyokuwa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mtu alipunguza kidogo tu.

Halafu fundi mmoja aliyepanda darini kuziba paa linalovuja akakuta bomba la bati, na ndani yake ramani ya Marehemu, imekuwa rangi ya chai, mchwa wameila kona moja. Wakubwa wakakubaliana uwanja urudishwe. Si kuupendezesha, si kuufanya mpya, kuurudisha. Ndiyo maana tuko hapa watu arobaini na makoleo, tunamtafuta mtu aliyekufa kwa kufuata alipopita.

Anayetuongoza ni mwanamke wa makamo, mfupi, viatu vyake vya mpira vimemzidi miguu, na nakala ya ramani huibana kwapani kama mkate. Tunamwita Mama Ramani. Chini yake yuko msimamizi wetu, tunamwita Kipenga, kwa sababu hata akitaka kupitishiwa chumvi hupuliza kwanza. Na chumbani kwetu, vitanda vinne vya kupandiana, chini yangu analala dereva wa mashine ya kuchimba, tunamwita Profesa, maana hawezi kufungua kitu kilichofungwa kwa gazeti bila kulisoma gazeti kwanza. Ndiye rafiki yangu hapa.

Sasa sikiliza. Mama Ramani alipofika, kitu cha kwanza alichofanya ni kufunga maji. Ilikuwa kiangazi, na mwezi mzima hakuruhusu tone kumwagwa uwanjani. Nyasi zikaanza kukauka, wachezaji wakalalamika, Kipenga akazunguka kama aliyefiwa. Yeye akawa anatembea tu, anatazama chini, anatabasamu peke yake. Tulidhani jua limempata.

Asubuhi moja akatupandisha kwenye mnara wa tenki la maji, watu sita sita, jua likiwa bado limelala chini na ukungu unaondoka polepole kama shuka linalovutwa. Nikatazama. Ndani ya uwanja niliokuwa nikiukanyaga kila siku kulikuwa na uwanja mwingine. Mashimo ya mchanga yaliyofukiwa miaka mingi yalionekana yote, manjano, yamejikunja kama masikio. Mitaro ya zamani ilikuwa mistari ya kijani inayopita katikati ya ukavu. Mikeka ilikuwa mikubwa tena, kila mmoja na ukingo wake. Ulikuwa kama uso wa mtu unaopanda juu ya maji bila kuyatikisa. Hata Kipenga alikishika kipenga chake mkononi asikipulize.

Mama Ramani akatueleza kwamba nyasi zilizo juu ya mchanga hukauka kwanza, kwa kuwa mchanga haushiki maji, na zilizo juu ya shimo lililofukiwa kwa udongo laini hubaki kijani mpaka mwisho, kwa kuwa mizizi inakwenda chini kutafuta unyevu. Alisema ardhi ikishachimbwa haijifungi tena kama mwanzo, hata uikanyage miaka mia. Ukitaka kujua ilichimbwa wapi, subiri kiangazi, inuka juu kidogo, utazame asubuhi.

Profesa aliniuliza mbona nalia. Nikamwambia ni upepo. Akasema upepo gani huo, na moshi wa sigara yake umesimama wima kama askari.

Klabu ilikuwa imemleta pia mzee mmoja aliyebeba mikoba ya wachezaji tangu ujana wake, tunamwita Mzee Mikoba, atusaidie kukumbuka. Aliapa kwamba shimo kubwa la mchanga la bendera ya tatu lilikuwa kushoto, tena refu, kuna bwana mmoja mnene aliingia humo asubuhi akatoka na ndevu. Nyasi zikaonyesha lilikuwa kulia, na dogo. Tulipompeleka, akazitazama kwa dharau, akazijibu kwamba zimeota juzi tu, zinajua nini. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mimi nilicheka kwa mdomo, dada. Moyoni nilikuwa nawaza jinsi mtu anavyoweza kuapa na asiwe mwongo, na bado akaonyesha mahali pasipo.

Toka hapo siku zangu zimekuwa kama za mtu anayetembea kwenye usingizi wa mwingine. Tunachoma chuma chembamba ardhini, hatua kwa hatua. Kikipita kirahisi na kutoa sauti ya sukari, hapo chini kuna mchanga wa Marehemu. Kikigoma, hajawahi kufika hapo. Mimi nimekuwa na mkono wa chuma, na ulimi pia, maana mchanga wa zamani ukiuonja una uchungu kidogo wa mizizi. Ukingo ukipatikana tunapigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu. Na sheria ya vigingi ni moja, haviguswi. Kipenga alitangaza kwamba atakayesogeza kigingi aanze kukunja godoro lake.

Wiki tatu zilizopita niliviangusha saba.

Ilikuwa mchana, wenzangu wamekwenda kula, mimi narudisha nyuma trekta lenye tela la mchanga kwenye bendera ya kumi na moja. Macho yalikuwa mazito. Nikasikia vinakatika chini ya gurudumu. Niliposhuka, ukingo wote wa upande mmoja ulikuwa umelala, na magurudumu yameikoroga ardhi, haionyeshi kitu. Nikatazama huku na huku. Dada, ningeweza kupuliza mluzi watu wakaja. Badala yake nikaviokota, nikavifuta kwa shati, nikavipigilia upya nilipodhani vilikuwa. Nikavipanga kwa mviringo mzuri. Hata nikarudi nyuma hatua chache kutazama, kama fundi. Palipendeza. Na hapo ndipo nilipoitambua mikono yangu. Nilijua haikuwa mara ya kwanza kufanya kazi hiyo.

Kesho yake Profesa akachimba kwa kufuata vigingi. Mama Ramani akaja, akashuka shimoni na viatu vyake vikubwa, akachukua bonge la udongo, akalivunja. Lilikuwa jekundu, linanata, halina chembe ya mchanga. Akasema huu ni udongo wa Mungu, haujaguswa na binadamu tangu dunia iumbwe, nani amenileta hapa. Kipenga akampulizia Profesa, akamwita fuko, akamwuliza kama mashine anaiendesha kwa kunusa, akamwambia akakunje godoro. Profesa mwenye maneno yote ya magazeti akainamisha kichwa. Alitazama viatu vyake. Ana watoto wanne yule.

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi, nikasema ni mimi.

Kipenga alitaka niondoke siku hiyohiyo. Mama Ramani akamwambia aliyepoteza njia ndiye ataitafuta, akanipa chuma. Siku tatu nilitambaa kwa magoti pale. Nikaupata ukingo wa Marehemu, hatua nne kutoka kwenye mviringo wangu, na haukuwa mzuri kama wangu. Ulikuwa na kidole kinachochomoza upande mmoja, hauna adabu yoyote. Lakini tulipoufukua wote na kumwaga mchanga, jua la asubuhi likaingia kwenye kile kidole, kivuli kikalala kuelekea kwenye bendera, na kila mtu akaona kwa nini alikiweka. Mimi nisingekibuni, hata kwa miaka mia.

Nilipomrudishia chuma nilimwomba radhi kwa kuangusha vigingi. Akasema kuangusha vigingi ni ajali, trekta halina macho nyuma. Akasema kosa langu ni kuvisimamisha kana kwamba havikuanguka.

Sasa, dada, kama umesimama, kaa. Na kama unamsomea baba, simama hapa kwanza, malizia peke yako.

Unakumbuka mwaka wa pili baada ya mama kutuacha. Wewe ulikuwa umeshaolewa, baba amelazwa wiki mbili kwa ajili ya mguu. Mimi nikaazima trekta la jirani nilime shamba la nyuma, nimfurahishe akirudi. Magugu yalikuwa yamenipita kichwa. Kibao cha kaburi kilikuwa kimeliwa na mchwa, mawe yamemezwa na majani. Nilijua kaburi liko mbele, karibu na ua, nilikuwa na hakika kama ile ya Mzee Mikoba. Nikasikia jembe limegonga jiwe. Nikasema ni jiwe tu. Likagonga la pili. Nikaendelea. Hilo ndilo ninalotaka ulijue bila kulipamba. Nilisikia na nikaendelea mpaka mwisho wa shamba, nikageuza, nikarudi, kwa sababu mwenye trekta alilitaka jioni. Niliposhuka, mawe ya mama yalikuwa yametapakaa kwenye udongo mbichi kama vyombo vilivyovunjika, na shamba zima lilikuwa limefanana. Sikujua tena alikuwa wapi.

Niliyaokota yote kumi na manne. Nikachagua mahali karibu na ua, panapopitika vizuri, nikarundika udongo, nikayapanga. Niliyapanga vizuri kuliko yalivyokuwa. Hata nikarudi nyuma hatua chache kutazama.

Baba aliporudi na gongo lake, alikwenda moja kwa moja pale akasimama muda mrefu. Nilijua atasema si hapa. Nilimngoja aseme, dada, nilimwomba Mungu aseme. Akanishika bega akasema umemtunza mama yako, na mimi Mungu akutunze. Tangu siku ile mkaniita mtunzaji wa kaburi. Na kila Jumapili asubuhi nikawa namwona amebeba kiti chake, anakiweka pembeni ya mawe yangu, anazungumza na mama mambo ya wiki nzima, bei ya mbolea, nani kaoa, na hapo chini hakuna mtu. Mlisema nimekuja huku kufuata kazi. Kazi niliifuata, lakini zaidi nilikuwa nazikimbia shukrani za baba.

Kwa hiyo hayo maneno ya jiwe sikuweza kuyaandika. Kila nikishika kalamu naona shemeji anamwaga saruji juu ya udongo wa Mungu, na siku moja mnamshusha baba pembeni ya mahali patupu, upande wa kulia. Karibu na alfajiri huwa namwota mama anatembea huku uwanjani, ameinama kama mtu aliyeangusha sindano, anaangalia vigingi vyetu kimoja kimoja, halafu ananitazama bila hasira, kama anauliza changu kiko wapi.

Nakuomba, mwambie shemeji saruji isubiri. Na nyasi za lile shamba asizichome, mtu asizifyeke, mbuzi wasiingie. Tangu niondoke halijalimwa, na hiyo ndiyo bahati yetu. Jembe la trekta halifiki hata kina cha mkono mmoja, na mama tulimlaza kimo cha mtu. Juu nilivuruga, ila chini bado yuko ndani ya kingo zake mwenyewe. Mwezi wa nane huko kwetu kila kitu kitakuwa manjano. Mahali pamoja, urefu wa mama, patakuwa bado kijani. Tutapanda juu ya paa la jiko, mimi na wewe, jua likiwa chini, kama tulivyokuwa tukipanda kuanika mahindi akatukemea. Hatutachoma chuma. Kwa mama hatuchomi chuma. Tutatazama tu.

Na kama hapataonekana, nitamwambia baba hapajaonekana. Sitapanga tena mawe.

Nilitaka kukuomba umfiche mpaka nifike. Niliandika hivyo, nikakata. Msomee, dada, mchana, akishakula, na usinilainishie chochote. Akikasirika mwache akasirike, ni haki yake. Akinyamaza usimjazie maneno. Ila umwambie Jumapili zake hazikupotea. Kutoka kwenye yale mawe hadi alipo mama pengine hazizidi hatua ishirini, na mama alikuwa akitusikia tukifunua kopo la sukari yeye akiwa kisimani.

Nisalimie shemeji, umwambie anisamehe kwa kumchelewesha, nitambebea zege mwenyewe siku ikifika. Wapwa zangu wote wasalimie, mlaji udongo umbusu kwa niaba yangu. Jirani mwenye trekta naye msalimie, ila usimwambie kitu, hilo nitamwambia mimi.

Kazi hapa imebaki kupanda nyasi za bendera mbili za mwisho. Wakubwa wanaandaa sherehe ya kufungua uwanja, na Mama Ramani alitaka niwepo, niketi mbele na Profesa. Nilimweleza kuna kigingi kingine niliangusha nyumbani. Hakuuliza zaidi, alisema kiangazi hakimngoji mtu, niende. Basi nitaondoka kabla ya sherehe. Nitegemeeni tarehe 24 Agosti, gari likichelewa ni 25, na ngazi muiegemeze kabisa kwenye ukuta wa jiko.

Mdogo wako,
Kitinda